Kache ya TB 1 inajaa kila wikiendi, kurenda kunakatika katikati. Mover ya Unraid inahamisha nini hasa?

Sinza_Picha

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada, na niseme mapema: jibu la "nunua SSD kubwa" bosi ameshalikataa, msihangaike nalo.

Niko studio ya video za harusi hapa Sinza, mimi ndiye nahariri na ndiye nabebeshwa mambo yote yenye waya. Seva yetu ni kompyuta ya mezani ya zamani iliyowekewa Unraid 6.12, mfumo wa kuendeshea seva ya faili. Ndani kuna HDD nne za TB 8 (ndiyo arei), moja ni ya pariti, yaani ya kurudishia data diski nyingine ikifa, halafu SSD moja ya TB 1 ndiyo kache, faili zinatua hapo kwanza. RAM ni GB 16. Mtandao wa gigabiti, mashine mbili za kuhariria ziko kwenye waya, na laptopu ya bosi iko kwenye Wi-Fi inalalamika.

Kazi zetu zinakuja kwa mafungu. Katikati ya wiki tunahariri tu. Ijumaa sendofu, Jumamosi harusi, ikifika Desemba hata Jumapili hatulali. Tunapiga kwa kamera tatu, 4K ya megabiti 100 kwa sekunde, ambayo ni kama GB 45 kwa saa kwa kila kamera. Na harusi za Dar mnazijua, saa tano usiku MC ndiyo kwanza anaita kamati ije itambulishwe. Kila kamera inarudi na saa nne hivi za picha. Piga hesabu: shughuli moja GB 540.

Sasa balaa lenyewe. Tukishamaliza kukopi kadi, kache inasoma asilimia 80 na kitu, wikiendi ya shughuli mbili ndiyo inapaa hadi 98. Jana nilikuwa narenda, yaani natoa video iliyokamilika, filamu ya saa nzima kwa ProRes 422 (aina ya faili la video lililo zito), moja kwa moja kwenda kwenye seva. Imefika karibu nusu, ikakatika: hakuna nafasi. Nafungua ukurasa wa seva, arei ina TB 9 zimekaa wazi zinanitazama. Si inatakiwa kache ikijaa mzigo uendelee wenyewe kwenye HDD?

La pili, nikibonyeza kitufe cha kuhamisha, Mover (ile kazi ya Unraid ya kutoa faili kache kwenda arei) inafanya kazi kidogo kisha inasema imemaliza, na bado zaidi ya GB 500 ziko palepale kwenye SSD. Zinakaa humo kufanya nini?

Mipangilio ni hii: shea (folda ya mtandao) ya Mbichi inaanzia kache, arei ni ya pili, Mover inatoa kache kupeleka arei. Shea ya Kumbukumbu ni arei tu, kache haihusiki. Shea za appdata na system ziko kwenye kache, ni za Docker, yaani programu zinazoendeshwa ndani ya seva yenyewe. Palipoandikwa "Minimum free space" pa kache ni 0, sijawahi kupagusa.

chuma_chakavu

Mwambie bosi arudi kwenye 1080p. Bi harusi haoni tofauti, anaangalia kama shela limekaa vizuri.

Fundi Kebo

Dada, hizo ni shida mbili tofauti. Naanza na ya kurenda maana hiyo iko wazi.

Unraid inaamua faili likae wapi pale linapoumbwa, likiwa bado halina hata baiti moja. Programu ya kurenda haitoi taarifa kwamba inakuja na mzigo wa GB ngapi. Seva inaangalia kache, inakuta GB 100 ziko wazi, kiwango cha chini ulichokiweka ni 0, basi inaona nafasi ipo na faili linaanzia hapo. Likishaanzia hapo halihami. Linakua, linakua, SSD inaisha, programu inapigwa kosa. Hizo TB 9 za arei zinahusu faili litakaloanza baadaye, si hilo lililokwisha kupangiwa.

Kwa hiyo kile kisanduku cha 0 ndicho kinachoamua. Ukiandika pale GB 250, maana yake ni kwamba kache ikibakiwa na chini ya GB 250, kila faili jipya linapelekwa arei tangu mwanzo. Namba hiyo inatakiwa izidi faili kubwa kuliko yote unayoweza kuandika. ProRes 422 ya 4K kwa fremu 25 inakula takribani GB 220 kwa saa, na wewe umesema filamu ya saa nzima. Unaona ilipokatikia?

Lakini hapo pana mtego. Mna mashine mbili. Zote zikianza kurenda kwa wakati mmoja kache ikiwa na GB 260, zote zitakubaliwa, na zote zitakwama. Ili uwe salama kabisa ungeacha karibu GB 500 wazi, yaani nusu ya SSD imekaa bure. Mimi nisingefanya hivyo. Ningefungua shea nyingine, iite Matoleo, iwe ya arei tu, na kila kinachorendwa kiende huko. Kurenda 4K kwenye mashine za kawaida mara nyingi hakuandiki zaidi ya MB 50 au 60 kwa sekunde, na HDD zenye pariti zinaweza kuumudu mwendo huo. Hupotezi kitu. Kisha kiwango cha chini cha kache unaweza kukishusha hadi GB 100, maana faili kubwa litakalobaki kupita pale ni la kamera, na hilo kwa saa nzima ni GB 45.

Kuhusu Mover, kabla sijasema lolote, fungua terminali ya seva uandike hii, utuletee majibu:

`du -sh /mnt/cache/*`

Na utuambie Mover imepangwa saa ngapi, na saa hiyo seva inakuwa imewashwa?

Sinza_Picha

Asante sana, nimeelewa kwa mara ya kwanza hicho kisanduku ni cha nini. Majibu haya hapa, nimebonyeza Move kwanza nikaisubiri imalize:

`38G /mnt/cache/appdata`
`412G /mnt/cache/Kumbukumbu`
`61G /mnt/cache/Mbichi`
`21G /mnt/cache/system`

Naomba mnieleze, Kumbukumbu imeingiaje hapo? Shea hiyo ni ya arei tu. Hakuna mahali nimeiruhusu iguse kache.

Ratiba ya Mover ni ile iliyokuja nayo, kila siku saa tisa na dakika arobaini usiku. Seva tunaizima saa nne usiku tukifunga. Bosi anasema LUKU haiokotwi barabarani.

Kibokoni_Net

Dadangu, Mover haihamishi kitu kwenye seva iliyolala. Hapo hata bila mengine tayari jibu la nusu ya swali lako limepatikana. Kila usiku inafika saa tisa na dakika arobaini na hakuna mtu nyumbani.

Mimi niko Mombasa, na hapa ukisema kache mtu wa bandari anakuelewa upesi: ni gati, si ghala. Mzigo ushuke, upakiwe, uondoke. Ukubwa wa gati unapimwa kwa meli zinazokuja kabla halijasafishwa, basi. Wewe unashusha mbili na lori haliji.

Hamisha ratiba. Nenda Settings, kisha Scheduler, iwekee saa moja jioni wakati mnakunywa chai. Lakini piga hesabu ya muda pia. Kuandika kwenye arei yenye pariti kwa njia ya kawaida ni kazi ya kusoma data ya zamani na pariti ya zamani, kukokotoa, halafu kuandika zote mbili, kwa hivyo tarajia MB 50 hadi 60 kwa sekunde. GB 540 kwa mwendo wa 55 ni karibu saa tatu. Kutoka saa moja mpaka saa nne. Mnafunga ikiwa ndiyo inamaliza, au haijamaliza.

Kuna njia ya kuharakisha. Kwenye Disk Settings kuna mahali pa kuchagua namna ya kuandika, utakuta "reconstruct write". Hiyo inasoma diski nyingine zote kwa pamoja badala ya kusoma kwanza kisha kuandika kwenye diski ileile. Ubaya wake ni kwamba diski zote lazima ziwe zinazunguka, na mtu mwenye diski kumi na tano atakuambia bili ya stima. Nyinyi mna nne tu. Iwashe.

Na nitasema jambo ambalo Fundi Kebo hatalipenda. Mtandao wa gigabiti unatoa MB 110 hivi kwa sekunde, si zaidi. Kwa reconstruct write, diski za TB 8 za siku hizi zinaweza kukaribia hapo. Sasa kache ya nini? Pelekeni kadi moja kwa moja kwa arei, SSD iachieni Docker. Tatizo lote linaisha na hamhitaji Mover wala ratiba.

Fundi Kebo

Kibokoni, sikatai hesabu. Lakini wewe unahesabu seva ambayo haina mtu mwingine anayeisoma. Huyu dada anakopi kadi Jumapili huku mwenzake anahariri harusi ya wiki iliyopita kutoka kwenye diski zilezile. Kichwa cha HDD kikianza kurukaruka kati ya kusoma video na kuandika, na reconstruct write inataka kusoma diski zote mbili za data zilizobaki, MB 110 zako utaziona kwenye karatasi. Kwa studio ya mtu mmoja ningekuunga mkono.

Turudi kwa Kumbukumbu, maana hapo ndipo penye utamu. Dada, nani anahamisha kazi zilizokwisha kutoka Mbichi kwenda Kumbukumbu, na kwa njia gani? Kama ni kwa Windows, kukata na kubandika, sahau ninachosema. Kama ni kwa programu ya kupanga faili inayokaa ndani ya Docker, jibu ninalo.

Sinza_Picha

Ni dogo wa ofisini, na ndiyo, anatumia programu ya Docker kwenye kivinjari. Anaipenda kwa sababu ni haraka mno, anasema GB 200 zinahama kwa kufumba na kufumbua.

Fundi Kebo

Basi ndiyo hiyo. GB 200 kwa kufumba na kufumbua hazijahama popote, zimebadilishwa jina.

Hiyo kontena, yaani programu ya Docker ya dogo, imepewa /mnt/user (shea zote za seva) kama folda moja. Dogo akihamisha folda kutoka Mbichi kwenda Kumbukumbu, Linux inaona vyote viko chini ya paa moja, inabadilisha njia ya faili tu, data haisogei. Faili lililokuwa kwenye SSD linabaki kwenye SSD, ila sasa linaitwa la Kumbukumbu. Sheria yako ya "arei tu" inaangaliwa wakati faili jipya linaumbwa, na hapa hakuna faili jipya. Mover nayo ikipita inasoma mipangilio ya Kumbukumbu, inakuta shea hii haina habari na kache, inaiacha. Zinakaa pale milele, na kila wiki dogo anaongeza nyingine.

Kuzitoa:

Ibadilishe Kumbukumbu kwa muda. Hifadhi ya kwanza iwe kache, ya pili arei, Mover itoe kache kupeleka arei. Angalia mshale usije ukaugeuza, ukigeuka utaanza kupandisha TB nzima kwenda SSD. Kisha bonyeza Move, iache imalize, urudishe Kumbukumbu kuwa ya arei tu.

Usijaribu kuzikopi kwa mkono kutoka /mnt/cache kwenda /mnt/user. Hizo ni njia mbili za kufikia faili lilelile, na Linux haijui. Unaweza kujikuta unaandika faili juu yake lenyewe na ukabaki na faili la baiti sifuri. Hili si la kutishana, watu wamepoteza kazi hivyo.

Isijirudie: kwenye ile kontena futa /mnt/user, badala yake iwekee njia mbili tofauti, moja ya Mbichi na moja ya Kumbukumbu. Hapo Linux itaona ni sehemu mbili, italazimika kukopi kweli na kufuta, na faili jipya litafuata sheria za Kumbukumbu. Dogo atalalamika imekuwa polepole. Mwache alalamike.

Zile GB 61 za Mbichi zilizobaki, nadhani kuna mradi uko wazi kwenye mojawapo ya mashine. Mover haihamishi faili linalotumika, inalipita.

BibiBakapu

Wanangu mmesema yote ya nafasi, hakuna aliyesema la usalama, na mimi nimeajiriwa kwa kazi hiyo.

Pariti inalinda arei. Kache haimo. Mwanangu Sinza, una SSD moja, haina pacha. Kuanzia mnapokopi kadi Jumapili hadi Mover imalize, harusi ya watu iko kwenye kifaa kimoja tu. Na kwa ratiba yenu ya kuzima saa nne, hiyo "hadi Mover imalize" ilikuwa haifiki. Kadi za kamera zisifutwe mpaka mmeona picha ziko arei kwa macho yenu. Mpiga picha akisema anazihitaji Jumatano, awe na seti ya pili. Kadi zinanunulika, ndoa ya mtu hairudiwi kwa ajili ya kamera.

Mkija kuongeza SSD ya pili ili ziwe pacha, zilingane. Ukichanganya ya GB 500 na ya TB 1 kwa RAID1 (kila data inaandikwa kwenye SSD zote mbili) unapata GB 500, na ukurasa wa seva unaweza kukuonyesha nafasi zaidi ya hiyo kwa sababu ya namna btrfs, mfumo wa faili wa kache, inavyohesabu. Utaamini namba, itakuangusha.

Jambo jingine watu hawalijui. Windows ikikuambia kukopi kumeisha, si lazima data iwe imefika hata kwenye SSD. Linux inaipokea kwanza kwenye RAM. Kwa kawaida inaweza kukaa na data isiyoandikwa hadi kama sehemu ya tano ya RAM iliyo huru, na hadi sekunde 30 kabla ya kuishusha. Kwa GB 16 mnaongelea kama GB 3, faili kadhaa za kamera. Umeme ukikatika hapo, zimeondoka, na Windows ilishakupongeza. Kwa hiyo swali langu ni moja: seva iko kwenye UPS, na ile waya ya USB ya UPS imechomekwa kwenye seva ili ijizime yenyewe? UPS bila hiyo waya inaahirisha msiba kwa dakika kumi.

Sinza_Picha

UPS ipo, waya haikuwepo. Nimeikuta kwenye droo, bado iko kwenye mfuko wake wa plastiki. Nimeichomeka, nimewasha sehemu ya UPS kwenye mipangilio, inaonyesha asilimia za betri sasa.

Haya, ripoti. Kumbukumbu nimeifanyia kama alivyosema Fundi Kebo, nikakagua mshale kwanza kama mtu anayevuka Morogoro Road. Imechukua muda mrefu wa jioni lakini imeondoka yote. Mradi uliokuwa wazi ulikuwa wa Resolve (programu ya kuhariria video) kwenye mashine ya pili, mwenzangu haufungi tangu mwezi ulioisha. Tumeufunga, zile 61 nazo zikaenda. Kache sasa inasoma GB 59, ni appdata na system tu.

Nimefungua shea ya Matoleo, arei tu. Nimerenda ile filamu upya usiku huohuo, imefika mwisho, na muda ni uleule kama kawaida. Kiwango cha chini cha kache nimeweka GB 100.

Hili la Kibokoni la kuacha kache kabisa nililijaribu Jumapili hii, kadi mbili zilipitia kache na moja nikaipeleka arei moja kwa moja na reconstruct write ikiwa imewashwa. Asubuhi nikiwa peke yangu ilikwenda vizuri kweli, nusura nikubali. Mwenzangu alipoingia akafungua timeline yenye kamera tatu, kukopi kukaanza kupanda na kushuka, na yeye akaanza kuuliza nani amegusa seva. Kwa hiyo kache inabaki. Ila reconstruct write nimeiacha iko hewani, Mover imekuwa nyepesi.

Bosi amekubali seva isizimwe Ijumaa hadi Jumapili. Siku nyingine Mover ni saa moja jioni.

Kitu kimoja bado. Msimu ukifika tutakuwa na sendofu Ijumaa na harusi Jumamosi, GB 1,080. Hazitatosha hata kache ikiwa tupu. Nini kitatokea?

Fundi Kebo

Hakuna kitakachokatika. TB 1 toa 59 toa 100, unabaki na GB 840 za kupokelea. Mover ikiwa imefanya kazi usiku wa Ijumaa, Jumamosi unaanza ukiwa mweupe na 540 zinaingia zote. Ikiwa haijafanya, baada ya 840 faili zinazofuata zitaanzia arei zenyewe, utaona tu mwendo umeshuka. Ndiyo kazi ya ile 100.

Washa na taarifa za Telegram kwenye Notification Settings. Seva inakuja na onyo la asilimia 70 na la hatari asilimia 90. Kwa kache yako hilo la 70 litakupigia kelele bila sababu shughuli mbili zikirundikana, lipandishe liwe 85 kwenye ukurasa wa hiyo SSD peke yake, si kwa diski zote.

Kibokoni_Net

Nimekubali kushindwa na timeline ya kamera tatu. Lakini siku mtakapobadili swichi kuwa ya gigabiti 2.5 rudini hapa, maana hapo SSD yenyewe ndiyo itaanza kuulizwa maswali. Chipu zake ni TLC au QLC (biti tatu au nne kwa kila seli)? Hizi za QLC za bei rahisi zikishaandikiwa GB nyingi mfululizo, mwendo wake unaweza kuanguka hadi chini ya HDD.

Sinza_Picha

Kibandiko kimefutika. Nitaifungua Jumatatu nikishakabidhi harusi ya Mbezi.